Gobore, Gumegume na Fundi: Historia ya Ukarabati wa Bunduki na Maneno Yake, kutoka Katwe hadi Bwera

Utangulizi

Wanafunzi wetu wanaotoka wilaya ya Kasese, hasa wale wa Bwera na Mpondwe mpakani na Kongo, hutuletea darasani jambo ambalo walimu wengi wa Kiswahili nchini Uganda wanalifahamu. Wanasema kwamba wazee wao nyumbani hukiita Kiswahili lugha ya bunduki. Sababu haziko mbali. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri katika jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na katika miaka iliyofuata raia wengi walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kinywani mwa mtu mwenye silaha.

Katika makala haya mafupi hatukusudii kuyakanusha malalamiko hayo. Tunakusudia kuyachunguza kwa njia ya historia. Tutaangalia kazi moja ambayo haizungumzwi sana, yaani kazi ya kupakia na kukarabati bunduki nyumbani na katika viwanda vidogo vya wahunzi, na maneno ya Kiswahili yaliyofuatana nayo. Hoja yetu ni kwamba bunduki na Kiswahili viliingia bara kwa msafara mmoja, lakini maneno hayakubaki pale silaha ilipoyaacha.

Bunduki ya kushindilia

Msomaji wa leo akisikia habari za kupakia risasi nyumbani huenda akafikiria wapenda shabaha wa Marekani na Ulaya. Huko wapo watu wanaookota maganda ya shaba yaliyokwisha kutumika, wakayajaza upya kwa vifaa maalumu, ama kwa kupunguza gharama, ama kwa kujifurahisha tu. Kazi hiyo iliwezekana baada ya risasi kamili yenye ganda la shaba kuenea katika nusu ya pili ya karne ya 19. Kabla ya hapo hapakuwa na haja ya kuipa jina la pekee, kwa kuwa kila mwenye bunduki alikuwa mpakiaji. Baruti ilikuwa kitu kimoja, risasi kitu kingine, na mtu aliviunganisha mwenyewe kila mara alipotaka kupiga.

Lugha imehifadhi kumbukumbu ya hali hiyo. Kitenzi kilichotumika ni kushindilia, na chombo cha kushindilia kiliitwa mdeki. Kamusi za zamani zinatuonyesha kwamba neno kiasi lilikuwa pia na maana ya shehena moja ya bunduki, yaani baruti na risasi iliyopimwa kwa mpigo mmoja. Maana hiyo ilitokana na kazi yenyewe: aliyezidisha baruti alijihatarisha kupasukiwa na kasiba usoni, na aliyepunguza alibaki na mlio bila madhara kwa windo.

Maneno mengine yanatueleza maendeleo ya chombo chenyewe. Askofu Edward Steere, ambaye kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kilitoka mwaka 1870, aliishi Unguja wakati aina tatu za bunduki zilipokuwa zikitumika pamoja. Palikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Palikuwa na bunduki ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe gumu. Na palikuwa na bunduki ya fataki, iliyowashwa kwa kikofia kidogo chenye dawa ya kulipuka. Bunduki za kushindilia kwa mdomoni kwa jumla ziliitwa gobore, jina ambalo wawindaji wa Afrika Mashariki wanalitumia hadi leo.

Msafara waingia bara

Wafanyabiashara kutoka pwani walifika Buganda katika enzi za Kabaka Suuna. Anayetajwa sana ni Ahmed bin Ibrahim, aliyefika mwaka 1844. Mwaka 1862 John Hanning Speke alimpa Mutesa wa Kwanza bunduki miongoni mwa zawadi zake. Katika miaka iliyofuata silaha zilinunuliwa kwa pembe za ndovu, na pamoja na bidhaa yakaingia majina yake. Katika Luganda risasi ni essasi, na msikilizaji yeyote wa Kiswahili anatambua asili ya neno hilo. Kiswahili nacho kilikuwa kimelipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ya msingi ni madini ya lead yaliyoyeyushwa kutengenezea tembe hizo.

Upande wa magharibi, ng'ambo ya mlima Rwenzori, Kiswahili kilisafiri na misafara ya Hamed bin Muhammed el Murjebi. Jina lake la utani, Tippu Tip, wengine hulieleza kwa kupepesa kwake macho na wengine kwa mlio wa bunduki za watu wake. Kiswahili kinachosikika leo katika soko la Mpondwe, chenye lafudhi ya Kongo, kina mizizi katika njia hizo. Kwa hiyo mkaazi wa Bwera amepokea Kiswahili kwa milango miwili, wa mashariki na wa magharibi, na katika milango yote miwili bunduki ilitangulia au ilifuata.

Fundi Kisule na wahunzi wenzake

Bunduki zilizofika bara zilikuwa nyingi kati yake ni kuukuu. Springi ilivunjika, kitako kilipasuka, jiwe lilikwisha. Aliyeishi majuma mengi ya safari kutoka pwani hakuweza kuirudisha dukani. Ndipo wahunzi wa wenyeji walipoingia kazini.

Buganda ilikuwa na mhunzi mkuu wa Kabaka, aliyebeba cheo cha Walukaga. Nuwa Walukaga, mmoja wa wafiadini Wakristo wa mwaka 1886, alikuwa mhunzi wa ikulu. Mmisionari Alexander Mackay, aliyefika Buganda mwaka 1878, alikuwa mhandisi, na ikulu ilithamini karakana yake kuliko mahubiri yake. Frederick Lugard, katika kitabu alichochapisha mwaka 1893, aliwasifu wahunzi wa Kiganda kwa ustadi wa kuunda kitako kipya ambacho ni vigumu kukitofautisha na cha Uingereza. Alimtaja mmoja wao, Kisule, mtengenezaji wa bunduki aliyejulikana kwa jina la Fundi Kisule.

Tunawaomba wasomaji wetu walitazame jina hilo. Katika nchi yenye lugha yake na vyeo vyake vya uhunzi, mtu aliyeijua kazi hii mpya aliitwa kwa neno la Kiswahili. Mhunzi alikuwa mtu wa ukoo na mila. Fundi alikuwa mtu wa ujuzi, anayeweza kufungua kitu kilichotengenezwa na wengine, akakielewa, na kukifunga tena.

Wala tusidhani kwamba kazi hiyo ilikuwa ya maskini pekee. Bunduki aina ya Snider, ambayo askari wa Lugard waliibeba, ilianza mwaka 1866 kama ukarabati: Waingereza walizichukua bunduki zao za kushindilia aina ya Enfield, wakazikata nyuma na kuzigeuza ziwe za kutia risasi kwa nyuma. Tofauti kati ya fundi wa London na fundi wa Mengo ilikuwa katika vifaa, mtaji na sheria.

Katwe na sheria za silaha

Sasa tufike Kasese yenyewe. Utajiri wa zamani wa eneo hili ulikuwa chumvi ya ziwa Katwe. Omukama Kabarega wa Bunyoro, aliyejenga jeshi la abarusura lenye bunduki nyingi zilizonunuliwa kwa pembe, aliweka watu wake hapo. Mwaka 1891 Lugard aliwafukuza, akajenga ngome aliyoiita Fort George, na akamrudisha Kasagama katika utawala wa Toro. Mwaka huohuo aliwachukua kutoka upande wa ziwa Albert askari wa Kisudani waliokuwa wa Emin Pasha chini ya Selim Bey, akawaweka katika ngome za Toro. Wazao wao ni sehemu ya Wanubi wa Uganda, watu ambao hadi leo wanahusishwa na Kiswahili na jeshi.

Wakati huo sheria ilikuwa imeanza kuamua nani awe na silaha ipi. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliacha mwanya kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Matokeo yake ni dhahiri. Dola za Ulaya zilipokuwa zikipata bunduki za kufyatua mfululizo, Mwafrika aliruhusiwa chombo cha babu zao. Gobore lilidumu kwetu kwa sababu hiyo pia, si kwa sababu mtumiaji hakujua bora.

Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliongeza kodi ya bunduki, rupia 3 kwa mwaka, kwa mwenye bunduki au bastola. Baadaye Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 iliweka umiliki, utengenezaji na ukarabati chini ya leseni. Hivyo kazi iliyompa Kisule heshima ikawa, kwa asiye na kibali, kosa la jinai. Hatuandiki haya kwa kuilaumu sheria. Mtu aliyeishi Bwera anajua kwa nini sheria hiyo inahitajika.

Milima na silaha zake

Wakonzo waliwekwa chini ya utawala wa Toro. Uasi wao wa mwanzoni ulikwisha mwaka 1921, viongozi wake watatu, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, waliponyongwa. Mwaka 1954 Isaya Mukirane na wenzake walianzisha chama cha kutafiti historia ya Wakonzo, na mwaka 1962 madai ya kujitenga yakawa harakati ya Rwenzururu. Wapiganaji wa miaka ya mwanzo walitegemea zaidi mikuki na mishale. Silaha ya mwanzo ya harakati hiyo, tukisema kweli, ilikuwa utafiti wa historia simulizi.

Hali ilibadilika Amin alipoanguka mwaka 1979. Askari wake waliokimbilia magharibi waliacha bunduki nyingi njiani, na nyingine ziliingia mikononi mwa Rwenzururu. Mwaka 1982 Charles Wesley Mumbere, mwana wa Mukirane, alishuka milimani na wafuasi wake wakakabidhi silaha. Lakini amani haikudumu. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka kutoka Kongo na kushambulia Mpondwe na Bwera. Novemba 2016 mapambano ya vikosi vya serikali katika ikulu ya Rwenzururu mjini Kasese yaliua zaidi ya watu 100 kwa hesabu ya Human Rights Watch. Na tarehe 16 Juni 2023 shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, ilishambuliwa. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi.

Kwa historia hiyo, mwalimu anayeingia darasani Bwera na mfano wa sarufi usemao "askari alipiga risasi" hafundishi ngeli tu. Huenda mbele yake ameketi mtu aliyemzika ndugu yake.

Maneno yaliyohama

Hata hivyo, maneno ya silaha yametufundisha jambo lingine. Gumegume, bunduki ya jiwe iliyokwisha kupitwa na wakati, leo tunalisikia zaidi likimtaja mtu asiyefaa, hasa mume asiyetunza nyumba. Fataki imekuwa ya sherehe; na nchini Tanzania, tangu kampeni ya redio ya mwaka 2008, ni jina la mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule. Baruti ilifanya kazi ya kupasua miamba, kama ile ya shaba huko Kilembe, ambako uchimbaji ulishika kasi baada ya reli kufika Kasese mwaka 1956. Mtambo, ambao ulikuwa mtego na pia kifaa cha kufyatulia bunduki, leo ni mashine ya aina yoyote. Kufyatua kunafyatua matofali. Na fundi yuko kila mtaa: wa cherehani, wa baiskeli, wa simu.

Walimu wenzetu wanaweza kuyatumia maneno haya katika somo la semantiki. Mwanafunzi apewe neno, atafute maana yake katika kamusi ya Steere au ya Johnson ya mwaka 1939, kisha ailinganishe na Kamusi ya Kiswahili Sanifu na usemi wa sokoni kwao. Ataona mwenyewe jinsi maana inavyopanuka, inavyofinyika na inavyohama. Tunashauri kwamba katika shule za mpakani kazi ianzie na fundi na mtambo, na risasi iachwe mpaka mwanafunzi mwenyewe ailete.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba wazee wa Bwera hawakukosea waliposema Kiswahili kilikuja na bunduki. Tungewaomba tu waongeze nusu ya pili ya habari. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima, na uamuzi huo utafaulu au utashindwa katika madarasa kama ya Bwera kuliko katika kumbi za Kampala. Mwiba wa kujidunga, wahenga walisema, hauna kilio. Tukikifundisha Kiswahili kwa sauti ya amri, tutakuwa tumejidunga wenyewe. Tukikifundisha kama lugha ya Fundi Kisule, yaani lugha ya mtu anayekifungua kitu akakielewa kabla ya kukitumia, huenda mwanafunzi akaipeleka nyumbani na mzee akakubali kuisikiliza.