Mwalimu wa Kilatini na Mizani ya Theluji

Mwaka 1895, katikati ya baridi kali, James Church alipanda Mlima Rose jimboni Nevada, Marekani. Kazi yake ilikuwa kufundisha Kilatini mjini Reno, lakini mlima ule ulimteka.

Mashamba ya huko hunyweshwa na theluji ya milimani inapoyeyuka. Wakulima walitaka kujua imebeba maji kiasi gani, na kina peke yake hakisemi: theluji mpya ni nyepesi kama pamba, ya miezi mitatu imeshindiliwa. Church akatengeneza bomba la chuma lenye meno. Unalizamisha hadi ardhini, unalichomoa, unalipima kwa mizani. Uzito wa theluji iliyonasa ndio maji yenyewe.

Milima ni mingi, wabeba bomba wachache. Oktoba 1978 Marekani ikarusha setilaiti ya Nimbus-7, yenye kipokezi cha maikrowevu. Hakimuliki chochote, husikiliza tu. Ardhi hutoa mawimbi hafifu hata ikiganda, na chembe za theluji huyatawanya yakipanda. Wimbi fupi la gigahezi 37 hutawanywa zaidi kuliko lile refu la gigahezi 18, hivyo theluji ikiongezeka, tofauti ya nguvu zao, inayopimwa kama joto, hupanuka. Mwaka 1987 Alfred Chang na wenzake walitoa kanuni ya mstari mmoja: tofauti hiyo kwa kelvini, mara 1.59, ni kina kwa sentimita. Tofauti ya 20 ni sentimita 32 hivi.

Kanuni tamu, ila ilichukulia kwamba chembe zote zina ukubwa mmoja. Theluji haikuambiwa. Chembe za chini hunenepa kadiri majira yanavyosonga, na setilaiti hudhani theluji imeongezeka. Ikilowa, huanza kutoa mawimbi yake yenyewe na kuficha kila kitu, tena wakati ule ule mkulima anaposubiri jibu. Na maji yaliyomo yakipita milimita 150 hivi, tofauti huacha kukua.

Wafini, katika mradi wa GlobSnow, waliichanganya setilaiti na vipimo vya kina kutoka vituo vya ardhini. Ramani zao zikawa bora, lakini milima waliiacha nje.

Ili kutafuta njia bora zaidi, Februari 2017 NASA ilirusha ndege zenye vifaa vya kupimia juu ya Grand Mesa, Colorado. Chini yake, watafiti walikuwa wakichimba mashimo kwa sepetu na kupima theluji kwa mizani.