Yakini na Shaka katika Majabali ya Kilosa

Abiria wa treni ya kisasa iendayo Dodoma, iliyozinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024, akiisha kuuvuka uwanda wa Mkata, ule unaonyooka kusini hadi Hifadhi ya Mikumi, huiona milima ya Rubeho imemsimamia mbele kama ukuta, kisha humezwa na mahandaki ya Kilosa. Lakini ni wachache wajuao kwamba kuta za namna hii, zilizotapakaa Afrika Mashariki, ziliwahitilafisha maulamaa wa miamba kwa miongo mingi.



Hitilafu yenyewe, juu ya jinsi kuta hizo na mabonde yaliyo kati yake yalivyoumbika, ilikuwa hivi. J. W. Gregory, aliyelizuru Bonde la Ufa nchini Kenya mwaka 1893, alishikilia kwamba ardhi ilivutwa huku na huku hata kipande cha kati kikadidimia, kama jiwe la kati la tao lililoachiliwa na mawe ya kando. E. J. Wayland, mkuu wa uchunguzi wa jiolojia Uganda, akapinga mwaka 1921: ardhi ilibanwa pande mbili, kingo zikapanda juu ya bonde. Mmarekani Bailey Willis, aliyefika mwaka 1929, akamuunga mkono Wayland katika kitabu chake cha 1936. Na mwaka huo huo Edward Bullard, aliyezunguka nchi hizi na pendulamu akipima uvutano wa ardhi, akaona umepungua chini ya mabonde, naye akahukumu kuwa ndiyo ithibati ya kubanwa. Gregory hakuwapo kujitetea, maana alikufa maji nchini Peru mwaka 1932. Hata hivyo, ilipofika miaka ya 1960 na elimu ya mabamba ya dunia ikaenea, ilibainika kwamba haki ilikuwa yake. Vipimo vya Bullard havikuwa na kosa, tafsiri ndiyo iliyopotoka.

Wala jambo hili halikwisha na wazee wale. Mwaka 2007 Clare Bond na wenzake walieleza jinsi walivyowapa wataalamu 412 picha moja ya matabaka ya chini ya ardhi, ambayo jawabu lake lilijulikana, na asilimia 21 tu ndio waliopata, kwani wengi waliona kile walichozoea kukiona.

Katika ramani za jiolojia, ufa uliothibitishwa huchorwa kwa mstari mzima, uliokisiwa kwa mstari wa vipande vipande, nami naiona desturi hiyo kuwa ndiyo insafu kubwa ya fani hii. Basi nawasihi wahandisi na madiwani wa Kilosa, kila wakunjuliwapo ramani ya daraja au ya makazi mapya, waulize kwanza mistari ya vipande iko wapi, na kama haimo, ni nani aliyeifuta.