Wapagazi wa Unyamwezi: kilomita elfu moja kwa miguu hadi pwani

Lori la mchele linaloondoka Kagongwa leo jioni, kesho linashusha mzigo Dar es Salaam. Ni safari ya takribani kilomita 1,000. Kabla ya lami na reli, umbali wa namna hiyo watu wa Kahama na wilaya jirani waliumaliza kwa miguu, mzigo begani, na wakifika pwani walijitwika mwingine wa kurudi nao nyumbani.

Siku hizi mbio ndefu zina sifa kubwa. Comrades ya Afrika Kusini, iliyoanza mwaka 1921, huwakimbiza watu karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg. Septemba 2025 Alphonce Simbu aliipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya riadha ya dunia, katika marathoni jijini Tokyo. Lakini ukanda huu wa Shinyanga na Geita ulikuwa na mabingwa wa masafa marefu miaka mia mbili iliyopita, na kwao mwendo ulikuwa kazi yenye ujira, ujuzi na kanuni.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Wanyamwezi, pamoja na jirani zao Wasukuma na Wasumbwa, walikuwa tayari wanapeleka pembe za ndovu pwani kwa misafara yao wenyewe. Wasumbwa walielekea pia magharibi kutafuta shaba ya Katanga. Msiri, aliyejenga dola lake Bunkeya, huko huko Katanga, na kuuawa mwaka 1891, alitokana na wafanyabiashara hao. Kwa hiyo wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857 baada ya zaidi ya miezi minne njiani, walikuwa wamepita katika njia iliyokwisha kukanyagwa sana.

Maandishi ya Burton yanatuonyesha msafara ulivyokuwa. Mbele alitangulia kiongozi, bendera nyekundu mkononi, joho jekundu mwilini, kichwani manyoya ya mbega au ya bundi. Nyuma yake walifuata wabeba pembe, watu wa heshima kuliko wabeba nguo na shanga. Pembe nzito mno kwa mtu mmoja ilifungwa kwenye mti ikachukuliwa mzegazega, wawili kwa wawili. Nchani mwa pembe ilifungwa kengele ya ng'ombe, hivyo kijiji kilisikia msafara kabla ya kuuona. Wanawake nao walikuwemo, wakibeba vyungu na chakula, na jioni wakipika.

Mzigo wa kawaida ulikuwa karibu kilo 30, ukiachilia mbali mkeka, chungu, silaha na posho ya mpagazi mwenyewe. Kwa uzito huo haikuwa safari ya kukimbia. Watu waliamka alfajiri, wakatembea wakati wa ubaridi, wakapiga kambi kabla jua halijawa kali. Kilomita 15 au 20 kwa siku zilitosha. Penye ukame kanuni ilibadilika. Hapo walipiga terekeza: walipumzika mahali penye maji hadi mchana, wakaondoka alasiri, wakalala porini bila maji, na kesho yake mapema wakakifikia kisima kingine. Hivyo ndivyo walivyolivuka pori la Mgunda Mkali kati ya Ugogo na Unyamwezi, ambako aliyekosea hesabu ya maji alilipa kwa roho yake.

Baada ya pori hilo ilikuja Ugogo, na hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi wenye visima. Kisha Mpwapwa, milima ya Usagara, na mwisho nyanda za Ukwere hadi mto Ruvu, minazi na Bagamoyo. Kalenda ilifuata jembe: watu waliondoka baada ya mavuno, wakajitahidi kurudi kabla ya mvua za kupanda.

Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi hawa, anawaeleza kama wafanyakazi wa ujira waliojua thamani yao. Walipatana malipo na posho kabla ya kuinua mzigo. Mwenye msafara akikiuka makubaliano, waligoma kambini au wakatoroka usiku, na tajiri akabaki na marobota yake. Kijana aliyefika pwani akarudi salama alihesabiwa kuwa mwanamume kamili.

Si kwamba njia ile ilikuwa ya heri tupu. Watumwa waliswagwa humo humo, wengine wakibebeshwa pembe. Ndui ilisafiri na misafara, na bunduki zilizonunuliwa kwa pembe zilichochea vita vya bara.

Reli ndiyo iliyoimaliza kazi. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Tawi la Mwanza, linalopita Isaka jirani na Kagongwa, lilikamilika mwaka 1928. Katikati ilipita Vita Kuu ya Kwanza, iliyowarudisha watu njiani kwa shuruti. Upande wa Waingereza peke yake ulitumia karibu wapagazi na vibarua milioni moja, na kwa hesabu ya chini zaidi ya 90,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi. Ujuzi ule wa kupatana, kupima mwendo na kupumzika haukuwa na nafasi mbele ya kiboko cha jeshi.

Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ikiwa na vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ni orodha ya walipopumzika, walipotozwa na walipouza. Kwihara pekee ndiyo iliyo Unyamwezi, walikotoka wabebaji, na jina la njia linataja mtumwa na pembe bila kumtaja mpagazi wa ujira. Wilaya ya Kahama ina hoja ya kudai nafasi hapo, na mbio za masafa marefu kufuata njia hiyo, hata kwa kipande chake, zingekuwa ukumbusho unaowastahili kuliko sanamu.