Mvujo wa Ukingo: Istilahi ya Tairi Dogo Linaloishiwa Upepo Bila Kutobolewa

Neno pancha kwa maana yake ya msingi ni tundu lililotobolewa na msumari, mwiba au kipande cha chupa, lakini katika matumizi ya kila siku hutajwa kwa kila tairi lililoishiwa upepo, hata pale ambapo hakuna kilichotobolewa. Upana huo hauleti taabu kwa baiskeli, ila katika magurudumu ya mashine ndogo za nje, kama vile mashine ya kukatia nyasi ambayo mwendeshaji huikalia, humpoteza fundi, kwa kuwa humfanya apekue mpira unaokanyaga ardhi ilhali upepo unatokea pengine kabisa. Kwa hali hiyo istilahi inayofaa ni mvujo wa ukingo.

Ukingo wa tairi ni ule mzingo wake wa ndani, mnene na mgumu, uliofumbata waya wa chuma na unaokaa juu ya ringi. Neno mdomo, ambalo nalo lingeweza kutumika, halifai sana kwa sababu ringi pia ina mdomo, na istilahi isiyotenganisha mpira na chuma haimsaidii mtu anayetafuta kasoro iliyo baina ya viwili hivyo. Mvujo nao ni neno la kawaida, kwani gesi huvuja kama maji yanavyovuja.

Umuhimu wa ukingo uliongezeka baada ya kampuni ya B.F. Goodrich ya Akron, Marekani, kutangaza tairi lisilo na tyubu mwaka 1947, kwa maana kazi ya kuzuia upepo ilitoka kwenye tyubu ikahamia pale mpira unapokutana na chuma. Katika gari dogo, ambalo tairi lake hujazwa takriban paundi 30 kwa inchi ya mraba, upepo wenyewe huubana ukingo kwenye ringi. Mashine ya kukatia nyasi kwa kawaida hujazwa paundi 10 hadi 14 tu, ili isiikandamize ardhi, na kwa msukumo huo hafifu kutu kidogo, rangi iliyobanduka au nyasi zilizonasa hutosha kuupa upepo njia. Mashine ikiegeshwa kipindi kizima cha baridi, kama ilivyo desturi Marekani na Ulaya, tairi hulala, na ukingo huachana na ringi.

Maji ya sabuni ndiyo yanayotofautisha pancha na mvujo. Penye tundu hufura povu mahali pamoja, lakini penye mvujo wa ukingo hutokea utepe wa mapovu madogo meupe unaofuata mzunguko wa ringi, wakati mwingine kwa urefu wa kidole tu. Shina la valvu lipakwe pia, kwani mpira wake hupasuka kwa uzee.

Tiba yenyewe imo kwenye chuma zaidi kuliko kwenye mpira. Upepo ukishatolewa wote na ukingo kusukumwa chini, ringi husuguliwa kwa brashi ya waya hadi kutu iishe, hupakwa rangi na kuachwa ikauke vizuri, kisha ukingo hufutwa na kupakwa gundi maalumu ya kuzibia. Kuurudisha mahali pake ndiko kugumu, kwa sababu tairi lililolegea huuachia upepo wa pampu upite. Kwa hiyo mkanda wenye kikazio hufungwa kulizunguka tairi, ukakazwa hadi kingo zote mbili zitanuke na kugusa ringi, na hulegezwa mara tu zinaposhika. Kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi kisivukwe hata kama ukingo unakaidi, kwa sababu ringi ndogo ikipasuka huweza kuua.

Dawa ya maji inayomiminwa kupitia valvu hufaa kwa matundu madogo ya mwiba, lakini haiondoi kutu, na mvujo hurudi. Ringi iliyoliwa sana ni afadhali itiwe tyubu ya kipimo cha tairi hilo, baada ya ndani yake kusuguliwa hadi iwe laini, la sivyo magamba ya kutu yataikwaruza tyubu hiyo mpaka itoboke.