Nani anapokea zamu yako? Historia fupi ya uchovu wa wanaohudumia wengine (Sehemu ya 4)



Nilipoandika kuhusu usingizi wa mama anayenyonyesha, meseji nyingi zilizokuja hazikuwa za usingizi kabisa. Zilikuwa za aina hii: "Sista, mwanangu nampenda, lakini siku hizi akilia sisikii chochote moyoni. Nina tatizo gani?" Leo naomba nisikimbilie ushauri. Nataka nikusimulie historia kwanza, kwa sababu swali hilohilo, "huyu ana tatizo gani?", liliulizwa miaka mingi kuhusu sisi wauguzi na madaktari. Na watafiti walichukua muda mrefu kukubali kwamba limeulizwa kwa mtu ambaye siye.

1.

Tuanzie London, miaka ya 1950. Hospitali moja kubwa ya kufundishia ilikuwa inapoteza wanafunzi wa uuguzi. Karibu mmoja kati ya watatu alikuwa hamalizi mafunzo. Akaitwa mtaalamu kutoka Taasisi ya Tavistock, Isabel Menzies, aangalie kulikoni. Ripoti yake ilitoka mwaka 1960 na mpaka leo inasomwa.

Alichokikuta ni hiki. Muuguzi hakupewa wagonjwa wachache awahudumie kwa ukamilifu. Alipewa kazi moja aifanye kwa wodi nzima: huyu apime joto wote, yule agawe vyombo vya haja, mwingine atandike vitanda. Mgonjwa hakuwa Bibi Fulani, alikuwa "ini la kitanda namba 10". Kulikuwa na wagonjwa walioamshwa usingizini ili wapewe dawa ya usingizi, kwa kuwa muda wa dawa umefika na utaratibu ni utaratibu. Mliowahi kulazwa mnacheka, si ndiyo?

Menzies hakucheka. Alisema mpangilio huo ulikuwa na kazi yake: kumkinga muuguzi asiguswe na maumivu, vifo na woga vinavyomzunguka kila siku. Ukigusa watu 30 kidogokidogo, hakuna hata mmoja atakayekuuma sana. Lakini kinga yenyewe ilikuwa inawamaliza. Msichana aliyekuja uuguzi ili amhudumie mtu alijikuta anahudumia orodha. Na waliokuwa wanaondoka, alisema, mara nyingi walikuwa miongoni mwa wale wazuri.

Hapo mimi huwa nasimama kidogo kila nikisoma. Wazuri ndio waliokuwa wanaondoka.

2.

Mwaka 1974, New York. Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia aliyekimbia Ujerumani ya Hitler akiwa mtoto, alikuwa anafanya kazi yake ya kulipwa mchana, halafu jioni anakwenda kujitolea kwenye kliniki ya bure iliyohudumia vijana, wengi wao watumiaji wa dawa za kulevya. Anarudi nyumbani usiku wa manane. Akaanza kuwaona wenzake wa kujitolea wakibadilika baada ya mwaka hivi: mafua yasiyoisha, kichwa, tumbo, usingizi unakataa, hasira za karibu. Mtu anakaa kazini saa nyingi zaidi na anatimiza machache zaidi. Yeye mwenyewe yalimkuta.

Kuyaeleza hayo akaazima neno la mitaani, lililotumika kwa mtu aliyemalizwa na dawa za kulevya: kuungua mpaka kwisha. Mliokulia kwenye mwanga wa kibatari mnalielewa bila maelezo. Mafuta yakiisha, kibatari hakizimiki palepale. Utambi unaanza kujiunguza wenyewe, moshi mweusi, harufu nyumba nzima. Ndiyo hali aliyokuwa anaiongelea. Na aliandika wazi kwamba walio hatarini zaidi ni wale wanaojitoa kwa moyo wote. Mvivu haungui, jamani.

3.

Kule California, Christina Maslach alikuwa anawahoji madaktari, wauguzi, maofisa ustawi wa jamii, mawakili wa watu maskini. Mwaka 1981 yeye na Susan Jackson walitoa dodoso la maswali 22 la kupima hali hii. Liliangalia mambo matatu. La kwanza, kuishiwa nguvu za moyo. La tatu, kujiona huna tena unachokifanya kikafaa. Nimeliruka la pili makusudi, maana ndilo mnaloniandikia: kuanza kumwona mtu unayemhudumia kama kitu. Mzigo. Ukuta. Kilio kisicho na mwenyewe.

Watu wakilisikia hilo hudhani ni roho mbaya. Kwa Maslach lilikuwa dalili, kama homa ilivyo dalili. Moyo uliotoa mpaka ukakauka unajifunga ili usitoe tena. Mama uliyeniandikia kwamba husikii kitu mtoto akilia, simwoni mama mbaya kwenye meseji yako.

Lakini kuwa na kipimo si kuwa na dawa. Kwa miaka mingi hospitali zilipoona wafanyakazi wao wameishiwa, ziliwapeleka semina: jifunze kuvuta pumzi, panga muda wako, kuwa imara. Yaani utambi ufundishwe kuungua vizuri.

4.

Wakati huohuo kulikuwa na watu wanaohesabu.

Mwaka 1984 binti wa miaka 18, Libby Zion, alilazwa hospitali moja ya New York jioni na kufikia asubuhi akafariki. Waliokuwa wanamtibu usiku ule walikuwa madaktari walio mafunzoni, wenye zamu ndefu na wagonjwa wengine wengi wa kuwaangalia. Baba yake, mwandishi wa habari, hakukubali yaishe. Baraza la wazee wa mahakama halikumfungulia mtu kesi ya jinai, bali lililaumu mfumo wenyewe wa mafunzo na saa zake. Mwaka 1989 jimbo la New York likaweka kikomo: saa 80 kwa wiki. Ndiyo, umesoma vizuri, hiyo 80 ndiyo ilikuwa nafuu.

Baadaye, huko Boston, watafiti walijaribu kwenye wodi ya wagonjwa mahututi. Madaktari wa mwaka wa kwanza wakafanya kazi kwa utaratibu wa zamani wa zamu za zaidi ya saa 24, kisha kwa utaratibu uliozifupisha. Matokeo yakatoka 2004: kwenye utaratibu wa zamani makosa makubwa yalikuwa mengi zaidi kwa asilimia 36.

Na kwa upande wetu wauguzi, Linda Aiken na wenzake waliangalia hospitali 168 za Pennsylvania, wakachapisha mwaka 2002. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 uliongezeka kwa asilimia 7, na uwezekano wa muuguzi kuishiwa uliongezeka kwa asilimia 23. Mgonjwa mmoja tu. Jimbo la California lilikuwa limeshapitisha sheria ya idadi ya wagonjwa kwa muuguzi mwaka 1999, ikaanza kutumika 2004. Mimi kwa usiku mmoja nimewahi kuwa na wodi nzima, kwa hiyo nikiisoma sheria hiyo naisoma kama hadithi ya Alfu Lela Ulela.

5.

Sasa, kipi kilisaidia?

Kuna jaribio moja nalipenda kwa sababu ni dogo na la kawaida. Hospitali ya Mayo, Marekani, iliwachukua madaktari 74. Nusu yao wakawekwa kwenye vikundi vidogo vya kuzungumza kila baada ya wiki mbili kwa miezi tisa. Mada zilikuwa za maisha ya kazi yenyewe. Kikundi kilisaidia, hasa kwenye lile jambo la pili, la kumwona mtu kama kitu, na nafuu ilikuwa bado ipo mwaka mmoja baadaye. Ila angalia hiki: saa hiyo ilitolewa na mwajiri, ndani ya muda wa kazi, na ililipwa. Haikuongezwa juu ya siku iliyokwisha jaa.

Mwaka 2017 watafiti wa Manchester walikusanya tafiti 19 zenye madaktari zaidi ya 1,500. Mafunzo ya mtu binafsi yalisaidia kidogo. Kubadilisha kazi yenyewe, yaani ratiba, mzigo, namna timu inavyofanya kazi pamoja, kulisaidia zaidi.

6.

Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilifafanua hali hii kuwa ni jambo la kazini, si la sehemu nyingine za maisha. Nilipolisoma nikaguna. Kulea pacha chumba kimoja, maji ya ndoo, ni nini kama si kazi?

Ubelgiji, Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak walikuwa wameshaanza kupima kuishiwa kwa wazazi. Utafiti wao na wenzao uliotoka 2021 ulihusisha wazazi 17,409 wa nchi 42. Hali hii ilikuwa nyingi zaidi kwenye jamii ambazo kila mtu yuko kivyake. Timu hiyohiyo ilijaribu vikundi vya wiki nane kwa wazazi walioishiwa, na walikata nywele zao kupima homoni ya msongo. Kikundi cha kwanza kilifundishwa mbinu. Cha pili kilisikilizwa tu, bila kuhukumiwa. Vyote viwili vilisaidia: uchovu ukapungua, homoni ikashuka, na kuwapiga na kuwatelekeza watoto kukapungua.

Bibi zetu walikuwa na arobaini. Mzazi anakandwa, anaogeshewa mtoto, analetewa mtori au uji wa pilipili manga, halafu analala. Zilikuwa zamu zile, hata kama hakuna aliyeziita hivyo. Leo wewe umepanga Mbagala, mama yako yuko Songea, na mume anatoka alfajiri. Aliyepungua hapo ni mtu wa kupokea zamu, wala imani yako haijapungua.

Kwa hiyo nawaazima utaratibu wa wodini. Tunapokabidhiana zamu, anayepokea anapokea yote. Hanipigii simu kuuliza dripu iko wapi. Baba akimpokea mtoto kwa saa mbili, ajue nepi ziko wapi, uji unapashwaje, na mama atoke chumba kile au alale. Kama ni jirani, wifi au dada wa kazi, ni hivyohivyo, na siku ijulikane, isiwe ya kubahatisha.

Siku ukihisi mikono inataka kumtikisa au kumpiga mtoto, mlaze chali mahali salama, toka nje dakika chache, mpigie mtu. Na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto yakija, usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Nenda kituo cha afya leo, umwambie muuguzi kwa maneno hayohayo.

Sehemu ya 5 nitaiweka Jumapili, nikishatoka zamu ya usiku na kulala.