Nani anatoa ruhusa ya kutoa kopi?

Wandugu, ukikipata kitabu cha zamani cha dini kilichopigwa chapa Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, usikimbilie sura ya kwanza. Tazama zile kurasa za mbele ambazo wengi wetu tunaziruka. Karibu na jina la Tanganyika Mission Press, au TMP kwa kifupi, mara nyingi utakuta maneno ya Kilatini: nihil obstat, imprimatur. Yaani hakuna kipingamizi, na kipigwe chapa. Ni ruhusa ya askofu.

Ruhusa ile haikuwa na bei. Aliyeitoa aliangalia imani tu: je, kitabu hiki kitampotosha muumini? Nani alipwe kikinakiliwa, hilo halikuwa swali lake. Leo vyuoni tunabishania ruhusa ya aina nyingine kabisa, leseni ya kutoa kopi, na mimi ninayekula kwa kuandika nina maslahi pande zote mbili. Napenda kusoma kwa bei nafuu. Napenda pia kulipwa.

Kipalapala panafaa kuanzia kwa sababu palikuwa na kiwanda cha uchapaji na seminari kuu, waliotengeneza vitabu na waliovihitaji wakiwa majirani. Hata hivyo vitabu vingi vya masomo ya upadri, hadi kwenye miaka ya 1960, vilikuwa vya Kilatini kutoka Ulaya. Na Tabora, tusisahau, ilikuwa njia panda ya misafara. Ukitoka Bagamoyo, hapo ndipo uliamua kwenda Ujiji au kukata kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kila kilichotoka pwani kilifika kikiwa ghali. Reli ilipofika mwaka 1912 ilipunguza machungu, lakini kitabu cha ng'ambo kiliendelea kuwa kile kimoja mnachogombania. Sasa kitabu kikiwa kimoja na darasa zima linakihitaji, mnafanya nini? Mnanakili. Kwanza kwa mkono, baadaye kwa stensili, halafu ikaja fotokopi.

Sheria nayo ilikuwa inatembea kivyake. Enzi ya Mwingereza tuliongozwa na sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911. Tukatunga yetu mwaka 1966. Wakati huo mashine ya Xerox 914, iliyoifanya fotokopi kuwa kitu cha kawaida maofisini huko Marekani, ilikuwa na miaka saba tu tangu itangazwe mwaka 1959. Bunge lisingeweza kuota siku ambayo kila kichochoro cha karibu na chuo kitakuwa na kibanda cha steshenari.

Nchi changa ziliona tatizo mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 1967, huko Stockholm, zilidai mkataba wa Berne wa hakimiliki uzipe nafuu kwa ajili ya elimu. Wachapishaji wakubwa wakaja juu, hasa wa Uingereza, na mwaka 1971 huko Paris ukapatikana muafaka: kiambatisho kinachoiwezesha nchi maskini kutoa leseni ya lazima ya kuchapa upya kitabu cha kufundishia. Safi? Subiri usome masharti. Kwa vitabu vya sayansi na hesabu, nchi ingoje miaka 3 tangu kitoke. Riwaya, mashairi na tamthilia, miaka 7. Vingine, miaka 5. Halafu iongeze miezi ya kumtafuta mwenye haki, na yeye akikileta sokoni kwa bei ya kawaida ya nchi hiyo, leseni inakufa. Haishangazi kwamba ni nchi chache mno zilizowahi kuitumia njia hiyo. Mwanafunzi wa digrii ya miaka mitatu angeshahitimu akiwa bado anasubiri. Tanzania yenyewe ilijiunga na mkataba wa Berne mwaka 1994.

Kabla ya hapo ilikuja ile miaka ya 1980 ya ukosefu wa fedha za kigeni. Maktaba za vyuo zilishindwa kununua vitabu na majarida mapya, rafu zikabaki na vumbi. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema wanafunzi wetu ni wezi tu. Kwetu fotokopi iliingia kujaza rafu tupu. Haikuja kumnyang'anya muuza vitabu mteja, maana kitabu chenyewe hakikuwepo dukani. Mazoea yakazaa msamiati: desa, madesa, kudesa. Sote tuliopita vyuo vikuu vya nchi hii tunajua mhadhiri akiacha nakala yake kwa jamaa wa steshenari, jioni foleni inakuwa ndefu kuliko ya kantini.

Wenzetu walikuwa wamekwenda njia nyingine. Uswidi ilikuwa na makubaliano ya kulipia kopi za mashuleni tangu mwaka 1973. Marekani wakaanzisha chombo chao mwaka 1978, Norway wakaunda Kopinor mwaka 1980, Uingereza wakafuata mwaka 1983. Mpango ni rahisi kuueleza. Chuo kinalipa ada ya mwaka kwa kuhesabu vichwa vya wanafunzi. Badala yake wanaruhusiwa kunakili sehemu ya kitabu, tuseme sura moja. Uchunguzi wa sampuli unaonyesha vitabu gani vinanakiliwa zaidi, na pesa zinagawanywa kwa waandishi na wachapishaji. Za vitabu vya nje zinatumwa kwa chombo cha nchi husika.

Mbegu hiyo ilipandwa kwetu pia, na Wanorway walisaidia kumwagilia. Kenya wakapata Kopiken, Uganda URRO, sisi Kopitan. Sheria ya mwaka 1999 ikatuletea COSOTA, na marekebisho ya mwaka 2022 yakafungua mlango kwa vyombo binafsi vya kukusanya na kugawa mirabaha. Lakini muulize mwanafunzi yeyote wa chuo kama amewahi kusikia leseni ya kutoa kopi. COSOTA anaijua kwa habari za Bongo Fleva.

Na huko nje leseni zenyewe zimeanza kuyumba. Mwaka 2012 wachapishaji watatu wakubwa, wakiwemo Oxford na Cambridge, walikishtaki kibanda cha fotokopi ndani ya Chuo Kikuu cha Delhi pamoja na chuo chenyewe. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Delhi iliitupa kesi: kunakili kwa ajili ya kufundishia kunaruhusiwa na sheria ya India. Kanada, vyuo vingi vilijitoa kwenye leseni ya pamoja, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikaamua, katika kesi ya Chuo Kikuu cha York, kwamba havilazimishwi kulipa. Wanafunzi walishangilia. Waandishi wa Kanada wakabaki wanahesabu mapato yaliyopotea.

Nikiwa mkweli, sitaki Tanzania iige upande wowote kichwa kichwa. Leseni ya vichwa vya wanafunzi bila vitabu kuongezeka itakuwa kodi nyingine tu, na kwa kuwa tunachonakili vyuoni kwa sehemu kubwa ni vya wageni, pesa itapanda ndege. Lakini kumwacha mwandishi wa hapa bila senti nako si haki. Chuo ndicho kilipe, siyo mwanafunzi dirishani, na orodha ya waliolipwa itangazwe wazi, jina na kiasi.

Chukua mfano wa Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza kuandika hadithi ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapishaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, miaka 35 baadaye. Mwaka uliofuata akafariki. Shirika lililomchapa nalo likaja kudhoofika. Sasa mwanafunzi wa fasihi, pale chuo cha Askofu Mkuu Mihayo mjini Tabora au kwingine, akiletewa desa la kitabu hicho, amemwibia nani? Mzee hakufaidi hata kilipokuwa kipya. Kwa hesabu ya sheria yetu ya mwaka 1999, haki inadumu maisha ya mwandishi na miaka 50 juu yake, yaani hadi mwisho wa 2031. Hadi hapo warithi wake wanaweza kudai chochote kwa kila kopi inayotoka mashineni. Baada ya hapo hata leseni ikianza kulipwa, wao hawatakuwemo kwenye mgao.