Muunganisho wa Mita

Kompyuta mpya ikiingia nyumbani Kinama, kaskazini mwa Bujumbura, mara nyingi intaneti yake hutoka mfukoni. Simu inawashwa mtandao-hewa, kompyuta inashika Wi-Fi, na mega zilizonunuliwa asubuhi zinakwisha kabla barua pepe ya kwanza haijafunguka. Lawama huiendea kampuni ya simu, kumbe mlaji ni kompyuta yenyewe.

Windows huichukulia Wi-Fi mpya kuwa haina mita. Haijui kwamba nyuma yake ipo simu yenye kifurushi, basi huanza papo hapo kupakua masasisho, na kwa kompyuta iliyokaa dukani muda mrefu hayo huweza kufika gigabaiti kadhaa. Lau ingekuwa na laini yake ndani ingejihadhari, maana intaneti ya laini huihesabu tangu mwanzo kuwa ya kupimwa.

Dawa ni swichi moja kwenye mipangilio ya mtandao huo, nayo ndiyo inayotafuta jina la Kiswahili. Kompyuta nyingi za Bujumbura hutumika kwa Kifaransa, na Windows 10 ya Kifaransa inaiita "connexion limitée". Mtu akisoma hivyo anaelewa koneksio dhaifu, iliyobanwa. Nani ajibane kwa hiari? Anaiacha ilivyo. "Muunganisho wa kulipia" nao haufai, kwani hata intaneti isiyo na kikomo hulipiwa kila mwezi. Mimi nachagua "muunganisho wa mita". Mtaa unaonunua umeme wa shirika la Regideso kwa kashpawa, yaani kwa kulipia kabla, unaijua mita vizuri: haikatazi pasi wala haipunguzi mwanga wa taa, inahesabu tu, na mwenye nyumba ndiye anayeamua kipi kiwake.

Swichi hiyo haiongezi kasi, wala haizuii filamu uliyoifungua mwenyewe. Kazi yake kubwa ni kuahirisha masasisho mengi na kusimamisha OneDrive isipakie wala kupakua mafaili. Tena inashikamana na mtandao mmoja: kesho ukiazima simu ya shemeji, kompyuta itaanza upya, safari hii ikila mega za shemeji. Masasisho ya usalama, hata hivyo, yasiachwe yakalala. Kompyuta ipelekwe kazini au chuoni penye Wi-Fi isiyo ya mita, ichomekwe kwenye umeme, iachwe ile ishibe.